Nani Anamngoja Nani Ndani ya Kompyuta ya Gemu



Mwezi Machi 2024 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa gemu iitwayo Dragon's Dogma 2. Ni gemu ya mapanga na majoka, na ndani yake kuna mji wenye pilikapilika: wachuuzi, walinzi, wapita njia, kila mmoja na hamsini zake. Haikuchukua muda wachezaji wa kompyuta wakaanza kupiga kelele. Hata wenye GeForce RTX 4090, kadi ya grafiki iliyokuwa na nguvu kuliko zote za wachezaji wakati huo, walisema wakiwa porini mambo yanakwenda, lakini wakivuka lango la mji gemu inaanza kukwamakwama. Wakashusha ubora wa picha, wakapunguza vivuli. Wapi! Ndipo baadhi yao wakagundua dawa isiyo na utu: wakawaua raia. Mchuuzi akianguka, fremu zinapanda kidogo. Mlinzi akianguka, zinapanda tena. Mji ukibaki mahame, gemu inakwenda vizuri.

Capcom wenyewe walieleza kisa. Kila mhusika mjini, walisema, anapewa sehemu kubwa ya nguvu za prosesa, kwa sababu ni lazima kukokotoa athari za kuwapo kwake pale alipo. Kwa maneno mengine, mtu alikuwa na kadi iliyoingia sokoni kwa dola 1,599, na kadi hiyo ilikaa bure ikingoja prosesa imalize hesabu za watu wa sokoni.

Kisa hicho nimekichagua makusudi, maana kinavunja imani iliyoota mizizi madukani na vijiweni kwamba gemu ikikwama, dawa ni kununua kadi kubwa zaidi. Sina nia ya kuitupia prosesa lawama zote pia. Kwa siku moja, kwenye kompyuta ileile, kadi inaweza kuwa mchelewaji asubuhi na prosesa ikawa mchelewaji jioni. Umebadilisha gemu tu, au umebadilisha kioo.

Tuanze na kazi yenyewe. Unachokiona ukicheza ni picha tuli zinazofuatana haraka, na kila picha moja ndiyo fremu. Fremu 30 kwa sekunde zinatosha jicho kuamini kwamba mtu anakimbia. Fremu 60 zinaongeza wepesi mkononi. Wanaoshindana kwa fedha katika Counter-Strike 2 wanataka 240 na zaidi. Lakini wanaopima mambo haya kwa makini hugeuza hesabu na kuuliza fremu moja imechukua muda gani kutengenezwa. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7 za kuzaliwa. Ukitaka 144, unabakiwa na milisekunde 6.9.

Ndani ya muda huo mdogo prosesa inasoma kitufe ulichobonyeza, inaamua adui aelekee wapi, inakokotoa kama mpira umegonga mwamba au umeingia wavuni, inasogeza viungo vya kila mhusika, kisha inaandaa orodha ya maagizo: chora nyumba hii, chora mti ule, mwanga utokee upande huu. Orodha inapita kwenye draiva, programu inayotafsiri maagizo kwa lugha ya kadi, na kufika kwenye kadi ya grafiki. Kadi ndiyo inayochora, pikseli kwa pikseli.

Chukulia prosesa ni msimamizi na kadi ni fundi rangi kwenye jengo. Msimamizi anaandika kwenye karatasi, "Ukuta huu bluu, ule mweupe." Kuandika agizo hilo kunamchukua muda uleule, ukuta uwe wa choo au uwe wa ukumbi wa harusi. Mwenye kupakaa ndiye anayetoka jasho ukuta ukiwa mkubwa. Na msimamizi hasubiri ukuta ukauke ndipo aandike karatasi ya pili. Fundi akiwa anapakaa huu, yeye anaandika wa kesho. Kwa hiyo kasi ya jengo zima ni kasi ya yule aliye mzito kati yao wawili. Ukimleta fundi rangi hodari kuliko wote mjini huku msimamizi anaandika taratibu, fundi atakaa juu ya ndoo akipiga soga.

Sasa tuweke namba, namba za mfano tu. Gemu fulani inaitaka prosesa yako milisekunde 10 kwa kila fremu. Kadi yako, kwenye kioo cha pikseli 1920 kwa 1080, inachora fremu moja kwa milisekunde 6. Utapata fremu 100 kwa sekunde, kwa sababu prosesa ndiyo nzito. Hamia kwenye kioo cha 4K, chenye pikseli 3840 kwa 2160. Kioo cha kwanza kilikuwa na pikseli milioni 2 na kidogo; hiki kina zaidi ya milioni 8.2, mara nne kamili. Tuseme kadi sasa inahitaji milisekunde 24. Umeshuka hadi fremu 41 hivi, na anayechelewesha amebadilika, sasa ni kadi. Nunua prosesa mpya yenye kasi maradufu, inayomaliza kwa milisekunde 5. Kwenye 4K utapata fremu zilezile 41. Fedha imekwenda, tofauti hakuna. Kwenye kioo kidogo, prosesa hiyohiyo ingekupandisha kutoka 100 hadi zaidi ya 160.

Hiyo ndiyo sababu wapimaji wa prosesa hutumia kadi kubwa kuliko zote kwenye kioo kidogo. Watu huwacheka: nani ananunua kadi ya bei ile acheze kwenye 1080? Hakuna, au wachache. Ila wapimaji wanataka kumwondoa fundi rangi njiani wapate kumwona msimamizi. Aliyepima prosesa kumi kwenye 4K akatangaza kwamba zote zinalingana amepima kadi moja mara kumi.

Na hapa nina neno kuhusu zile kurasa za mtandaoni zinazokuomba uandike jina la prosesa na jina la kadi, kisha zinakutolea asilimia: prosesa yako inaibana kadi kwa asilimia 17.3. Vijana wengi hununua vifaa kwa kuamini namba hizo. Mimi nasema ziacheni. Kompyuta yenye prosesa ya wastani na kadi nzuri itabanwa na prosesa ukiwa kwenye uwanja wa Counter-Strike, itabanwa na kadi ukifungua Cyberpunk 2077 na mwanga wake wote umewashwa, na ndani ya Dragon's Dogma 2 itabanwa na kadi porini na prosesa mjini. Asilimia moja itasema lipi juu ya hayo yote?

Mvutano huu una umri mrefu kuliko vijana wengi wanaonisikiliza. Mwaka 1996 kampuni ya id Software ya Texas ilitoa Quake. Kompyuta nyingi hazikuwa na kadi ya kuchora michezo ya pande tatu. Prosesa ilifanya kila kitu, kuanzia kumsogeza adui hadi kupaka pikseli ya mwisho. Michael Abrash, aliyeandika programu yake pamoja na John Carmack, alijua Pentium ya Intel ina tabia moja ya manufaa: sehemu yake ya hesabu za desimali inaweza kuendelea na kugawanya namba huku sehemu nyingine ya prosesa ikichora. Akapanga kazi hivi: kwa kila pikseli 16, mgawanyo mmoja unaendelea chinichini wakati pikseli zenyewe zinapakwa. Kwenye Pentium, mgawanyo ule ulikuwa karibu bure.

Sokoni kulikuwa na mpinzani wa bei nafuu, Cyrix 6x86. Cyrix waliziita prosesa zao kwa jina la Pentium waliyodai zinalingana nayo. Ile ya P166+ ilikwenda kwa megahazi 133 tu, na kwa kuandika barua na kufungua majedwali ya ofisi ilistahili jina hilo kabisa. Ikaja Quake. Sehemu ya desimali ya Cyrix ilikuwa nzito, na ujanja wa Abrash haukuisaidia. Watu waliokuwa wakijisifu kwa kuokoa fedha wakajikuta nyuma ya Pentium zilizokuwa, kwa jina, ndogo kuliko zao. Nadhani hiyo ni mara ya kwanza gemu moja kuharibu sifa ya prosesa nzima, tena prosesa ambayo haikuwa mbaya.

Mwaka 1999 Nvidia walitoa GeForce 256, na hesabu za kuzungusha maumbo na kuyapiga mwanga zikahama kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kadi. Tangu hapo mwendo umekuwa huohuo: kila kazi inayoweza kugawanywa vipande maelfu vinavyofanana inahamia kwenye kadi, na prosesa inabaki na zile zisizogawanyika, zenye "kama hivi, basi vile." Zilizobaki ndizo kaidi.

Crysis ya mwaka 2007, kutoka kampuni ya Crytek ya Frankfurt, ilionyesha ukaidi huo. Gemu hiyo ilisifika kwa kuzitesa kadi, hadi watu wakafanya mzaha wa kuuliza kila kompyuta mpya kama inaiweza. Kinachosemwa mara chache ni kwamba iliundwa kwa matarajio kuwa kasi ya kiini kimoja cha prosesa ingeendelea kupanda mwaka hadi mwaka. Ulimwengu ukaenda njia nyingine: badala ya kiini kimoja chenye kasi kubwa mno, tukapewa viini vinne, sita, nane. Crysis haikujua kuvitumia vizuri. Ndiyo maana hata miaka mingi baadaye, kadi zikiwa zimeiacha mbali, bado kulikuwa na sehemu ndani yake ambapo fremu zilianguka, kiini kimoja kikitoka jasho na vingine vikitazama. Baadaye zikaja njia mpya za kuagiza michoro, Mantle ya AMD mwaka 2013, DirectX 12 mwaka 2015 na Vulkan mwaka 2016, zinazoruhusu viini kadhaa kuandaa maagizo kwa pamoja. Zimesaidia. Ila mtengenezaji wa gemu lazima ajue kuzitumia, na si wote wanajua.

Ukisikia muuzaji anakuambia prosesa hii ina viini 16 kwa hiyo ni ya gemu, mwulize kasi ya kiini kimoja, halafu mwulize kashe. Kashe ni ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. RAM iko mbali. Data ikikosekana kwenye kashe, prosesa inaifuata huko na kungoja mizunguko zaidi ya mia mbili bila kufanya la maana. Na gemu ni kazi ya kurukaruka: mhusika huyu, ukuta ule, risasi hii, kila kimoja kimehifadhiwa mahali pake.

AMD walilithibitisha hilo mwezi Aprili 2022 walipotoa Ryzen 7 5800X3D. Walichukua prosesa waliyokuwa nayo tayari, 5800X yenye kashe kubwa ya megabaiti 32, wakaibandika tabaka jingine la kashe juu yake hadi ikafika megabaiti 96. Viini vilibaki vinane. Kasi yake ya juu kabisa ilishuka, kutoka gigahazi 4.7 hadi 4.5, kwa sababu tabaka lile liliweka mipaka ya volti na joto. Kwa kazi nyingi za kawaida ilikuwa nyuma ya ndugu yake. Kwenye gemu iliruka mbele, ikakaa meza moja na Core i9 za Intel za wakati huo zilizouzwa ghali zaidi. Lililonifurahisha mimi ni kwamba iliingia kwenye soketi ya AM4, ileile ya Ryzen za kwanza za 2017. Mtu mwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ya miaka mitano aliweza, baada ya kusasisha BIOS, programu ya kuiwashia, kubadilisha prosesa peke yake akaacha mengine yote yalivyo. Kwa sisi tusiopenda kutupa vitu, huo ni ustaarabu.

Sasa nigusie jambo ambalo hesabu za wastani hulificha. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Tuseme fremu 59 zimegawana milisekunde 800, halafu moja, ya sitini, ikachukua 200 peke yake. Kipimo kitaandika fremu 60 kwa sekunde, safi kabisa. Wewe mchezaji umeona gemu imeganda, na ulipoachiwa ukakuta umeshapigwa risasi. Mwaka 2011 Scott Wasson wa tovuti ya Tech Report ya Marekani aliandika makala iliyochambua yaliyomo ndani ya sekunde moja, fremu baada ya fremu, badala ya kuzihesabu kwa jumla. Baada yake wapimaji wengi wakabadilika, na leo kando ya wastani utaona kipimo cha asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu mbaya kuliko nyingine zote. Kadi dhaifu mara nyingi hushusha wastani lakini huenda sawasawa: unacheza polepole, bila kushtuliwa. Prosesa dhaifu ndiyo hodari wa kuficha aibu kwenye wastani mzuri na kukuumbua kwenye ile asilimia 1. Kama lazima nichague ugonjwa, nipeni kadi dhaifu.

Wanaocheza kwenye PlayStation msidhani hili haliwahusu. PS4 ya mwaka 2013 ilikuwa na prosesa ya viini vinane vya aina ya Jaguar, viini vilivyobuniwa kwa ajili ya kompyuta ndogo za bei rahisi, vikienda kwa gigahazi 1.6. Mwaka 2016 Sony wakatoa PS4 Pro. Uwezo wa kuchora uliongezeka zaidi ya mara mbili, kutoka teraflopu 1.84 hadi 4.2. Prosesa ilikuwa ya aina ileile, imepandishwa tu hadi gigahazi 2.1. Matokeo yakawa yale ambayo hesabu yetu ya msimamizi na fundi ingeyatabiri: picha zilikuwa kali zaidi, pikseli nyingi zaidi, lakini gemu nyingi zilibaki kwenye fremu 30. Destiny 2 ilipotoka mwaka 2017, watengenezaji wake, Bungie, walisema waziwazi kwamba kwenye Pro sehemu ya kuchora ingeweza kuongezewa mzigo ila prosesa isingefika fremu 60. Ilibidi kungoja PS5 mwaka 2020, yenye viini vya Zen 2 vinavyofika gigahazi 3.5, ndipo 60 ikawa jambo la kawaida sebuleni na kwenye vibanda vya gemu.

Twende sasa kwenye kompyuta ambazo wengi wetu tunaziona kwa macho. Kariakoo ya Dar es Salaam, na kule Nairobi barabara ya Luthuli, zimejaa kompyuta za mezani zilizostaafishwa maofisini ughaibuni: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, nyingi zikiwa na Core i5 ya viini vinne ya miaka ya 2012 hadi 2016. Ni mashine imara na bei yake inavumilika. Kijana ananunua, anaongeza kadi, anapata kompyuta ya gemu. Mpango mzuri, lakini una mitego, na mitego hiyo haiandikwi kwenye boksi la kadi.

Mtego wa kwanza ni umeme. Pawasapulai ya mashine hizi mara nyingi ni ya wati mia mbili na kitu, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Unahitaji kadi inayokula umeme wa mazabodi pekee, usiozidi wati 75. GTX 1650 ya mwaka 2019 iko humo kwa matoleo mengi, ingawa yako matoleo yanayodai waya wake. Angalia kabla ya kulipa. Na kama kasha la kompyuta ni lile jembamba, kadi nayo lazima iwe ya kimo kifupi.

Mtego wa pili ni wa siri zaidi. Mwaka 2022 AMD walitoa kadi mbili ndogo, RX 6500 XT na RX 6400. RX 6400 inatumia wati 53 tu, na kwa macho ya mnunuzi wa OptiPlex ni zawadi. Tatizo liko kwenye njia zinazoiunganisha na mazabodi. Kadi ya kawaida ina njia 16. Hizi zina njia 4. Kwenye mazabodi mpya yenye njia za toleo la PCIe 4.0, njia 4 zinapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, na zinatosha. Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, zinabaki gigabaiti 4. Na kwa kuwa kadi hizo zilitoka na kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, kumbukumbu ikijaa, picha lazima zichukuliwe kutoka RAM kupitia njia hizo nyembamba, na fremu zinaporomoka. GTX 1650, ya zamani zaidi, ina njia zote 16, kwa hiyo ndani ya mashine ya zamani inaweza kumtunza mwenyewe vizuri kuliko mgeni huyo. Kadi mpya, mashine kuukuu, ndoa ngumu.

Mtego wa tatu ni draiva, na mfano wake bora ni huu. Desemba 2024 Intel walitoa Arc B580, kadi ya dola 249 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 12, na wapimaji wakaisifu sana. Walikuwa wameipima na prosesa za kifahari. Januari 2025 baadhi yao wakaiweka kwenye kompyuta zinazofanana na za wanunuzi halisi, zenye prosesa kama Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018, na sifa zikayeyuka: katika gemu kadhaa ilipoteza fremu nyingi kuliko kadi za washindani kwenye prosesa ileile. Hata Ryzen 5 5600, isiyo ya zamani kiasi hicho, iliyumba katika baadhi ya gemu. Kumbe draiva ya Intel ilikuwa inaipa prosesa kazi nyingi zaidi kabla agizo halijafika kwenye kadi. Nvidia nao walishakutwa na jambo la jinsi hiyo mwaka 2021, pale kadi zao katika baadhi ya gemu za DirectX 12 zilipozidiwa na za AMD kwenye prosesa dhaifu. Kejeli yake ni kwamba kadi ya bei nafuu hununuliwa na mtu mwenye prosesa ya bei nafuu. Yule iliyemfaa kwenye vipimo si yule aliyekuwa na haja nayo.

Kuna wanaosema kadi za kisasa zimemaliza hoja hii, kwa sababu zinaweza kubuni fremu. Januari 2025, jijini Las Vegas, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alisimama jukwaani akatangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingetoa utendaji wa RTX 4090. Hesabu yake ilitegemea akili unde: kwa kila fremu iliyochorwa kweli, kadi inabuni nyingine hadi tatu. Fremu hizo za kubuni haziiongezei prosesa hesabu za gemu, kwa hiyo hata prosesa iliyochoka itaonyesha namba kubwa kwenye kona ya kioo, na mwendo utaonekana laini. Lakini prosesa haijasoma kitufe chako mara nyingi zaidi. Kama gemu halisi inakwenda kwa fremu 30, mkono wako unajibiwa kwa kasi ya 30, hata kioo kikikuonyesha 120. Kwa gemu ya kutembea polepole na kutazama mandhari, sina ugomvi nayo. Kwa gemu ya risasi, ni mapambo.

Teknolojia ile nyingine, ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, kama DLSS na FSR, ina tabia ambayo wanunuzi huisahau. Inampunguzia fundi rangi ukuta. Kama kadi ndiyo iliyokuwa nzito, fremu zinapanda vizuri. Kama prosesa ndiyo iliyokuwa nzito, utawasha, utazima, namba haitatikisika.

Na hicho ndicho kipimo unachoweza kufanya nyumbani leo, bila kununua chochote. Fungua gemu unayoicheza kweli, ile inayokusumbua, mahali panapokusumbua. Angalia fremu. Kisha ingia kwenye mipangilio, shusha rezolusheni hadi picha iwe mbaya, rudi mahali palepale. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo ilikuwa ikikuchelewesha, na kadi kubwa zaidi itakufaa. Zikibaki pale pale, kadi haina kosa. Usitegemee ile namba inayosema prosesa inatumika asilimia 40 tu. Hiyo ni wastani wa viini vyote, na kiini kimoja kinaweza kuwa kimejaa pomoni huku vitatu vikisinzia. Ukishajua prosesa ndiyo nzito, punguza umbali wa kuona, punguza wingi wa watu na magari barabarani, kama gemu inakuruhusu. Vivuli navyo huongeza maagizo.

Halafu kuna jambo la bei ndogo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Kompyuta nyingi za ofisi huja na kijiti kimoja cha RAM. Kijiti kimoja cha DDR3-1600 kinapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye chaneli yake, vinapitisha 25.6, na kwenye mashine isiyo na kadi, inayochora kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa, tofauti hiyo utaiona kwa macho bila kipimo. Kwenye mashine yenye kadi, huisaidia zaidi ile asilimia 1 ya chini niliyoitaja. Kwa hiyo fundi akifungua kifuniko, mwambie akuonyeshe nafasi za RAM. Akikuta moja imejaa na nyingine tupu, nunua kijiti cha pili kwanza, na ile kadi uliyoipigia mahesabu ingoje mwisho wa mwezi.